Watoto Mbele ya Simba wa Kichina: Historia Ndogo ya Kutazama Ngoma za Sikukuu Huku Bukavu

Mara nyingi tukiandika juu ya mila tunaandika juu ya wakubwa: wafalme, wachezaji, wapiga ngoma, wenye kushika siri. Mtoto anayesimama pembeni, mkono ndani ya mkono wa mama yake, anayetazama tu, huyu hatumwandiki. Lakini njo yeye atakayekumbuka kisha miaka makumi matano. Ngoma isipotazamwa na mtoto leo, kesho haina shahidi. Katika kurasa hizi tunataka kusema kidogo juu ya huyo mtoto, na tunaanzia fasi ambayo watu wengine wataona ni ya ajabu: kwa Wachina.

Ni nani katika Bukavu hajawaona Wachina? Wa kwanza ambao mji mzima uliwazoea hawakuwa wachuuzi wala watu wa dhahabu. Walikuwa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2003 China ilituma kikosi chake cha kwanza nchini Kongo, chini ya MONUC: wahandisi 175 na watu wa afya 43. Baadaye makao yao yakawa hapa kwetu, na kikosi kimoja kikimaliza muda wake kingine kinakuja, mwaka kwa mwaka. Wahandisi walionekana kwenye barabara na madaraja pamoja na mashini zao. Waganga walikuwa na hospitali yao. Mwaka wa 2010 MONUC iligeuka MONUSCO, nao wakaendelea. Walibaki hadi MONUSCO ilipofunga kazi yake katika Kivu ya Kusini, mwishoni mwa Juni 2024. Hiyo ni miaka zaidi ya makumi mawili. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2003 ameshamaliza masomo ya sekondari, ao yuko na mtoto wake mwenyewe.

Kati ya watoto wote wa mji, wale wa Kijiji cha Watoto cha SOS njo waliozoeana nao zaidi. Askari walikuwa wanaenda kule kuwatembelea, hasa wanawake wa kikosi cha waganga, na watoto wakawapa jina la mama: mama Mchina. Walifundishwa kusalimia kwa Kichina, kuhesabu, kukata karatasi nyekundu kwa makasi mpaka inatoka ua ao samaki. Watu wazima wa mji walicheka kidogo. Watoto hawakucheka, walijifunza.

Na kila mwaka, kati ya Januari na Februari, ilifika sikukuu yao kubwa.

Tuieleze sikukuu hiyo, kwa sababu wengi wetu tunasema tu "Bonane ya Wachina" na tunapita. Wao wenyewe wanaiita Sikukuu ya Majira ya Kuchipua. Haina tarehe moja kwenye kalenda yetu kwa kuwa inafuata mwezi wa juu mbinguni: inaanguka kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili, kuanzia panya mpaka nguruwe. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa joka, ukaanza tarehe 10 Februari. Njo ilikuwa Bonane ya mwisho kabla MONUSCO haijaondoka hapa. Sherehe inadumu siku kumi na tano na inamalizika kwa taa. Wazazi wanawapa watoto bahasha nyekundu yenye makuta ndani. Wanaotoka mbali wanarudi nyumbani. Ni sikukuu ya jamaa kwanza, ya barabarani kisha.

Barabarani njo kuna mchezo ambao mtoto hasahau: simba na joka. Joka ni refu, linabebwa na watu wengi kwa fito, linakimbiza mpira unaoitwa lulu. Simba anachezwa na watu wawili, mmoja kichwani na mmoja mgongoni, wamefunikwa kwa kitambaa chenye manyoya. Kuna simba wa kaskazini, mwenye manyoya marefu kama mbwa wa Wazungu, anayeruka na kupanda juu ya vitu. Na kuna simba wa kusini, wa upande wa Guangdong, mwenye pembe moja, kioo kwenye paji la uso, macho yanayofumba na masikio yanayotikisika. Nyuma yake kuna ngoma kubwa, gongo na matoazi. Usifikiri kwamba simba anafuata ngoma. Ni ngoma inayomfuata simba: mpigaji anakaza macho kwenye miguu ya mchezaji, akilala anapiga polepole, akishtuka anapiga kwa nguvu. Wapiga ngoma wa kwetu wataelewa haraka jambo hilo. Mwisho simba anakula majani mabichi yaliyotundikwa, anayatafuna, anayatema juu ya watu, na majani hayo ni baraka.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wetu wakilisikia wanafungua macho: nchi ya China haina simba. Haikuwa naye. Simba wa kwanza waliletwa kule kama zawadi za wafalme wa magharibi. Vitabu vyao vinataja simba aliyetumwa na Waparthi, watu wa upande wa Iran, mnamo mwaka wa 87. Watu wachache sana walimwona kwa macho. Wengine wote walimjua kwa kusikia, kwa kuchonga na kwa kucheza, na wakati wa enzi ya Tang, kati ya 618 na 907, mchezo wa simba ulikuwa tayari mashuhuri. Basi, askari hao walileta Afrika mchezo wa mnyama ambaye ni wa Afrika, katika umbo ambalo Mwafrika hamtambui. Vivyo hivyo mwaka wa 1415 watu wa Malindi walipompeleka twiga China, Wachina walimwona wakasema huyu ni qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Kila mtu anamtazama mgeni kwa macho aliyopewa utotoni.

Katika mji wetu jina la simba lenyewe liko na historia nyingine. Wazee waliokuwa hapa Agosti 1964, wakati waasi walioitwa Simba walipoushambulia Bukavu na jeshi la Mulamba likawarudisha, hawalisikii jina hilo kama mtoto wa leo anayefikiria filamu. Ukimwambia bibi wa miaka themanini kwamba unampeleka mjukuu wake kutazama simba, mpe nafasi ya kumaliza kushtuka.

Na watoto je? Sisi tuliwahi kuwapeleka, wa kwetu pamoja na wa majirani, na tuliyoyaona ni haya. Wa miaka kumi walisukumana kwenda mbele. Wa miaka sita ao saba walisimama karibu na walimu, wanacheka huku wanarudi nyuma. Wa miaka mitatu na minne walilia, karibu wote, si juu ya kichwa cha simba bali juu ya ngoma na matoazi. Mmoja alijificha ndani ya kitenge cha mama yake akawa anatazama kwa tundu. Kisha mchezaji wa nyuma alijikwaa, miguu yake ikaonekana mpaka magotini, na yule mtoto akatoka kwenye kitenge akasema kwa sauti kubwa: "Mama, ile nyama iko na watu mu tumbo!" Toka hapo hakuogopa tena. Alitaka kumwonyesha kila mtu.

Huyo mtoto alifahamu jambo ambalo ni msingi wa mchezo wote wa aina hii: inatisha, na ni watu. Vyote viwili kwa mara moja. Mtoto asiyefika kwenye cha pili atabaki na woga tu. Njo maana tunashauri, kwa yeyote anayepeleka watoto wadogo, aombe mwishoni wachezaji wavue kichwa mbele yao na kuwaacha wakiguse. Mabwana wengi wa mchezo wanakubali. Wachina walikubali, wakaketi chini na jasho lao, watoto wakavuta masikio ya simba mpaka tukaona aibu.

Lakini liko jambo zito zaidi, na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo pamoja nasi. Sikukuu ya Wachina haikamiliki bila fataki. Wanasimulia kwamba zamani kulikuwa na zimwi jina lake Nian, lililotoka kila mwisho wa mwaka kula watu, na ambalo liliogopa vitu vitatu: rangi nyekundu, moto na kelele. Zamani sana, kabla ya baruti, walikuwa wanatupa mianzi motoni ili ipasuke. Sisi tunaoishi karibu na Kahuzi tunajua mwanzi mbichi unavyolia motoni. Kwao mlio ule unafukuza ubaya, na mtoto wa Kichina anausikia akiwa mikononi mwa baba yake anayecheka. Unakuwa mlio wa furaha.

Mtoto wa Bukavu aliujifunzia wapi mlio huo? Wakubwa wake waliusikia Oktoba 1996. Wengine Agosti 1998. Wengine Juni 2004, wakati mji ulishikwa kwa siku kadhaa na watu wakalala chini ya vitanda. Na wadogo zao, wale ambao leo wako kwenye materneli na kalasi za kwanza, waliusikia Februari 2025. Bonane ya Kichina ya mwaka huo ilianguka tarehe 29 Januari, siku ambazo Goma ilikuwa ndani ya vita. Kabla mwezi wa kwanza wa mwaka wao wa nyoka haujaisha, M23 walikuwa wameshaingia Bukavu. Mtoto wetu hana haja ya kuelezwa maana ya mlio. Anaanguka chini kabla hujamwambia. Tumeliona hilo katika kalasi zetu za sekondari: mlango wa bati ukipigwa na upepo, vijana wa miaka kumi na sita wanakuwa chini ya madeski, kisha wanainuka wakicheka vibaya.

Basi, mwenye kupanga mchezo wa sikukuu mbele ya watoto wa hapa, awe Mchina ao Mushi ao Mulega, aache fataki nyumbani. Si jambo la kuvunja mila. Mji wa Beijing wenyewe ulikataza fataki mwaka wa 1993, ukalegeza mwaka wa 2005, na simba hakufa kwa sababu hiyo. Na ngoma isianze ghafla. Mpigaji aanze kwa vidole, watoto wajue sauti inatoka wapi na mkono wa nani unaipiga. Hayo tunayasema kama walimu, na tunasimama juu yake.

Wazazi wengine waliuliza swali jingine, hasa wa makanisa ya uamsho: je, joka si lile la Ufunuo? Tunawapeleka watoto kwa shetani? Hatuwachekei. Ni swali ambalo Wakristo wa China wenyewe waliulizana kwa miaka mamia, juu ya ibada za mababu, mpaka Roma ikawaruhusu Wakatoliki Wachina mwaka wa 1939 kushiriki heshima hizo kama desturi za kiraia. Nasi huku Kongo tulingoja mpaka 1988 Roma ikubali misa ya Zaire, yenye kuwataja mababu na kucheza mbele ya altare. Joka la Wachina si la Yohana; kwao ni mnyama wa mvua na wa wafalme, kama huku chui alivyokuwa mnyama wa wafalme. Mtoto akielezwa hivyo anaelewa kwa urahisi kuliko baba yake. Lakini mzazi asiyetaka, mtoto wake asilazimishwe. Tuliwaacha wengine nyumbani na hatukugombana.

Sasa tufike kwetu, kwa sababu swali lilifika. Lilitoka kwa mtoto, kama kawaida: "Na yetu sisi, tunaitazamia wapi?"

Wabashi wana Mubande. Ni sikukuu ya mwaka ya mwami, iliyoshikamana na mtama na mbegu, siku ambazo mwaka unafunguliwa upya na nchi inapata tena nguvu. Watu wa sehemu mbalimbali wanakuja kwa mwami, bajinji wanafanya kazi yao, ile ambayo hakuna mwingine anaruhusiwa kuifanya, na ngoma inalia. Kabare na Ngweshe wana habari zao, Kaziba ina zake. Kwenye kisiwa cha Ijwi, Wahavu walikuwa na Muganuro, na mwanahistoria David Newbury, aliyekaa kule na kuandika kitabu juu ya wafalme na koo za Ijwi, kilichotoka mwaka wa 1991, alionyesha jambo zuri sana: kila ukoo ulikuwa na kazi yake ndani ya sherehe. Watu wa koo mbalimbali walileta kila mmoja sehemu yake, na kwa kufanya kazi pamoja siku ile walijionyesha kwamba ni nchi moja yenye mfalme mmoja. Fikiria sasa mtoto anayetazama hayo. Anamwona mjomba wake akipita na kitu mkononi, anaambiwa: sisi njo tunaobeba hiki. Mtoto yule ameshasoma somo la uraia bila kitabu.

Ng'ambo ya Ruzizi sikukuu hiyo ilikuwa na jina karibu lilelile, na ilipigwa mapema. Rwanda, mwaka wa 1925, Wabelgiji walimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa watunza ibada za kifalme, na Umuganura wa kifalme ukakoma. Burundi, Umuganuro wa mwisho wa aina ya zamani ulifanyika 1929. Huku kwetu, Bwami ya Balega ilikatazwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1948, mali zake zikachukuliwa ao kununuliwa kwa bei ya bure, na leo sanamu zake ndogo za pembe ziko katika vioo vya majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambapo watoto wa Wabelgiji wanapelekwa na walimu wao kuzitazama. Tunalitaja bila uchungu mwingi. Lakini tunalitaja.

Hapa lazima tuwe wa kweli: si kila mchezo wa zamani ulikuwa wa mtoto kutazama. Wakati wa bwali, tohara ya Balega, sauti ya Kimbilikiti ikisikika msituni, wanawake na watoto wasiotahiriwa wanakimbia ndani. Wanasikia, hawaoni. Kutokuona njo ilikuwa sehemu yao. Mtoto wa Mulega alijua toka udogo kwamba iko siku ataona, na kungoja huko kulikuwa kunamlea. Tunaposema leo "tupeleke watoto waone mila", tusiseme sawa vile mila yote ni tamasha la kukaa kwenye viti vya plastiki. Umuganuro ulikuwa wa kutazama, bwali haikuwa. Anayeweka Kimbilikiti jukwaani ili watalii wapige foto ameua kitu, hata kama ameshangiliwa.

Kisha likaja jambo ambalo wakubwa wetu hawapendi sana kulizungumza. Mobutu alitembelea China Januari 1973, kisha tena Desemba 1974, na akafika pia Korea ya Kaskazini. Watu husimulia kwamba alirudi na hamu kubwa ya ile michezo ya maelfu ya watu wanaoinua mikono pamoja. Uhuishaji wa kisiasa ulikuwepo tayari, ukazidi nguvu. Ngoma za kila kabila zilitolewa vijijini, zikavalishwa nguo za Chama, zikatiwa maneno ya kumsifu Kiongozi. Na watoto wa masomo walikuwa wa kwanza kutolewa: saa tatu, saa nne kwenye jua, kando ya barabara, kumngoja mkubwa apite kwa gari dakika moja. Waliomaliza masomo wakati ule wanazijua zile nyimbo mpaka leo, na wengi wao hawataki kusikia neno "folklore". Ukiwaambia peleka mtoto kwenye ngoma ya asili, wanakumbuka jua.

Nao Wachina, kwa wakati uleule? Simba hakuwa mtaani. Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, yalitangaza vita juu ya mila za zamani. Mwaka wa 1967 mapumziko ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua yenyewe yalifutwa, watu wakaambiwa waende kazini, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla hayajarudi. Vichwa vya simba vilichomwa ao vikafichwa. Kwa hiyo kile Mobutu alichoenda kutazama hakikuwa mila ya Kichina hata kidogo. Kilikuwa kitu kipya kilichokalia kiti cha mila. Alichukua kutoka China kitu ambacho China yenyewe baadaye ilikiacha, wakati vijiji vyao vilipoanza kutoa tena vichwa vya simba darini.

Vilirudi namna gani? Kwa wazee waliokuwa wamevitazama wakiwa wadogo. Na nje ya China, katika miji ya Wachina wa ng'ambo, mchezo haukukatika kamwe. Hata huku bahari yetu, kisiwani Mauritius, Bonane ya Kichina ni siku ya mapumziko ya taifa, na Wahindi na Wakreole wanapeleka watoto wao kutazama. Desemba 2024, katika kikao kimoja cha UNESCO huko Asunción, Paraguay, Sikukuu ya Majira ya Kuchipua iliandikwa kwenye orodha ya urithi wa wanadamu pamoja na Intore ya Rwanda. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliandikwa 2014. Umuganura wa Rwanda unasherehekewa tena toka 2011. Sisi Wakongomani tuko na rumba, toka 2021, na tunafurahi. Lakini rumba haipandi mtama.

Tunasikia wengine wanasema: tatizo ni pesa, ao tatizo ni vita. Kweli, barabara ya Walungu si ya kuchezea, na wako wazazi ambao kwa sasa hawataki mtoto avuke komini. Hatuwezi kuwaambia wamekosea. Lakini tumeona pia siku za utulivu zikipita bila mtu kumpeleka mtoto popote, huku mtoto huyo anahesabu mpaka kumi kwa Kichina na hajui bajinji ni akina nani. Mbinu ya wale mama Wachina haikuwa na gharama kubwa. Hawakuanza na simba. Walianza na karatasi na makasi, wiki nyingi kabla, halafu hadithi ya zimwi, halafu wimbo, simba akaja mwisho kabisa, na mtoto alipomwona alikuwa ameshamjua. Sisi tunafanya kinyume: tunamchukua mtoto asiyejua kitu, tunamsimamisha mbele ya ngoma, kisha tunalalamika kwamba anatazama simu ya kaka yake.

Kwa hiyo, katika mtaa wetu tumeanza na mtama. Mtama wenyewe, wa sokoni Kadutu, glasi moja. Watoto wameuotesha kwenye makopo ya maziwa. Wengi hawakuwa wamewahi kuona jani lake. Walifikiri ni mahindi. Mzee mmoja wa Kabare, aliyepelekwa Mubande akiwa mdogo kiasi cha kubebwa mabegani, anakuja Jumamosi kisha saa tisa na kuwasimulia kipande kimoja, si zaidi, kwa sababu anachoka na kwa sababu, anasema, mengine hawajafika umri. Wanamwuliza kama pale kwa mwami kulikuwa na simba. Anawaambia hapana, kulikuwa na watu wengi sana na harufu ya ng'ombe, na kwamba yeye, toka juu ya mabega ya baba yake, hakuona mwami hata kidogo, aliona tu vichwa, na ngoma aliisikia kwenye miguu ya baba yake ikipanda mpaka kwenye kifua chake yeye. Watoto wamemwomba awaonyeshe vile. Hakuna ngoma kwenye mtaa. Wameleta bidoni ya lita ishirini, akaigeuza, akaanza kwa vidole.